Utumbo umegoma, haujaziba: jinsi ya kutafuta chanzo wodini

Kuna tumbo linalovimba hadi ngozi inang'aa. Mgonjwa hapati choo, eksirei inaonyesha utumbo mpana umejaa hewa, kila mtu wodini anasema utumbo umeziba na aandaliwe kwa upasuaji. Akifunguliwa, hakionekani kitu. Hakuna uvimbe, hakuna utumbo uliojisokota, hakuna makovu yaliyoubana. Njia iko wazi mwanzo hadi mwisho, ila utumbo wenyewe umegoma kusukuma.

Madaktari huuita ugonjwa huu sindromu ya Ogilvie. William Heneage Ogilvie alikuwa daktari wa upasuaji Uingereza, na mwaka 1948 aliandika habari za wagonjwa wawili waliokuwa na kila dalili ya kuziba utumbo mpana, kumbe utumbo wao ulikuwa mzima. Walichokuwa nacho ni saratani iliyopenya kwenye mishipa ya fahamu nyuma ya tumbo. Siku hizi saratani ya namna ile ni sababu adimu. Wengi tunaowaona ni watu waliolazwa kwa jambo jingine kabisa: mfupa, uzazi, nimonia, moyo.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa sana wodi ya upasuaji na mifupa, kisha wodi ya wazazi, hospitali ya mkoa. Haya nimekuwa nikiwaeleza wauguzi wapya na maafisa tabibu wa zamu kwa mdomo, tena usiku, tena kwa haraka, kwa hiyo nayaweka hapa kwa utulivu. Ndugu wa wagonjwa nao wasome, maana mara nyingi wao ndio wanaoliona tumbo kabla yetu. Ninalolisisitiza ni hili: chanzo cha ugonjwa huu kwa kawaida hakimo tumboni. Kimo kwenye faili, kwenye chati ya dawa, kwenye majibu ya damu na kwenye kitanda alicholalia mgonjwa.

Kabla ya yote, hakikisha kweli hakuna kilichoziba

Usije ukasoma makala haya ukaanza kumwona Ogilvie kila kitanda. Kwetu Afrika Mashariki utumbo mpana kujisokota ni miongoni mwa sababu kubwa za kuziba, na huo hausubiri. Ukijisokota upande wa kushoto chini, eksirei huonyesha kitanzi kikubwa cha hewa kilichokaa kama punje ya kahawa, na daktari mwenye uzoefu huijua picha hiyo akiwa bado mlangoni. Saratani ya utumbo mpana nayo ipo, na wazee hawana kinga nayo.

Kwa mzee aliyelala muda mrefu, kidole kiingie kwenye njia ya haja kubwa kabla ya mawazo makubwa kuanza. Kinyesi kigumu kilichojipanga pale kimeshawahi kupeleka watu mbali wakati dawa yake ilikuwa glavu na mafuta. Baada ya hapo ndipo picha. Kama kuna CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya tumbo, inamaliza ubishi. Kama haipo, kuna picha ya kupitisha dawa ya rangi kwa nyuma, na dawa hiyo iwe ile inayoyeyuka kwenye maji, si bariamu, kwa sababu utumbo ukiwa umeshatoboka bariamu ikivuja tumboni ni balaa jingine.

Tena kuna maneno matatu nisiyotaka kuyasikia kwenye makabidhiano ya zamu. La kwanza, "anajamba, kwa hiyo yuko sawa." Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hutoa upepo. La pili, "anaharisha, kwa hiyo hajaziba." Baadhi huharisha maji matupu, na kuharisha huko kunapoteza potasiamu, ambayo ndiyo utumbo unaihitaji ili usukume. La tatu, "tumbo linalia, nimesikiliza." Linaweza kulia na bado likawa limegoma.

Kwa nini utumbo hugoma

Utumbo mpana una waya za aina mbili kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Aina moja huuamrisha usukume. Nyingine huuambia utulie. Za kusukuma zinafika kwa njia mbili: upande wa kulia na wa kati hupata mshipa mrefu unaoshuka toka kichwani, na upande wa kushoto hupata mishipa itokayo chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye nyonga. Ndiyo maana mtu aliyevunjika nyonga, aliyepasuliwa uti wa mgongo au aliyetolewa mtoto kwa upasuaji anaweza kupata shida hii hata kama utumbo wake haukuguswa. Na ndiyo maana kwenye picha, mara nyingi hewa hukatika ghafla upande wa kushoto juu, chini ya wengu, pale mamlaka ya mshipa mmoja yanapoishia na ya mwingine yanapoanzia.

Mwili ukiwa kwenye dhiki kubwa, kama maambukizi ya damu, kuungua, kiharusi, mshtuko wa moyo au figo kufeli, amri za kutulia huzidi nguvu. Mwili unapigana kwingine, utumbo unawekwa pembeni.

Chukua faili, soma toka ukurasa wa kwanza

Swali la kwanza: amelazwa kwa nini? Nyonga na paja, hasa kwa mwenye zaidi ya miaka 60, weka alama. Upasuaji wa kujifungua, weka alama. Jeraha la uti wa mgongo, nimonia kali, moyo kushindwa kazi, kiharusi, kuungua sehemu kubwa ya mwili, yote alama. Kisha angalia magonjwa aliyokuja nayo toka nyumbani: kisukari cha muda mrefu, ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, figo. Wanaume hupatwa zaidi ya wanawake, ukiwaondoa wazazi.

Ni nadra kukuta sababu moja imesimama peke yake. Huwa zinapandiana. Kuna mzee mmoja nampa jina la Mzee wa Kitanda cha Dirishani. Aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, akawekwa mzigo wa kuvuta mguu akisubiri upasuaji. Binti yake alikuja asubuhi kumbadilisha nguo, akaniita: "Sista, shikamoo. Hebu njoo uone, shati la baba halifungi. Juzi lilifunga hili hili." Alikuwa ameshika vifungo viwili vya katikati, anavuta, havikutani na matundu yake. Mzee mwenyewe anasema haumwi sana, ila amechoka na hana hamu ya uji.

Nilichukua futi laini ya fundi cherehani, ninayo kwenye droo ya dawati siku zote, nikapima kupitia kitovuni, nikachora kwa kalamu mistari miwili midogo ubavuni kulia na kushoto ili anayepima baada yangu asipande wala kushuka. Nikaandika kipimo na saa. Mchana kilikuwa kimeongezeka sentimita nne. Hapo hakuna tena kubishana kama "limevimba au ndivyo alivyo."

Kisha chati ya dawa. Alikuwa anapata tramadoli kwa maumivu ya nyonga, kila zamu bila kukosa. Usiku, amitriptilini, ambayo aliandikiwa zamani kliniki kwa ganzi ya miguu na ikaendelezwa alipolazwa. Asubuhi, furosemaidi kwa ajili ya moyo, ambayo humtoa mtu maji na potasiamu pamoja. Chakula, vijiko viwili vitatu vya uji. Na hajageuka kitandani kwa sababu ya mzigo mguuni. Dawa zote hizo zilikuwa na sababu yake. Hakuna aliyeandika ujinga. Lakini zikikutana juu ya mtu mmoja aliyelala chali, utumbo unasimama. Potasiamu ilipopimwa ilikuwa chini. Daktari alibadilisha tramadoli kwa parasetamoli ya kawaida kwa saa maalumu, akasimamisha amitriptilini, akarudisha potasiamu kwa dripu, tukaweka mipira miwili, wa puani na wa chini, na mzee akaanza kupungua tumbo bila kisu kumgusa tumboni. Nyonga ilifanyiwa upasuaji baadaye.

Dawa za kuzitilia shaka

Hapa ndipo ningependa muuguzi akae muda mrefu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa ndipo pana kitu anachoweza kukiona yeye kabla ya daktari wa raundi.

Dawa kali za maumivu ziko mbele: mofini, pethidini, tramadoli, kodeini. Simaanishi mgonjwa aachwe alie. Mgonjwa wa mfupa anastahili kutulizwa. Namaanisha tumbo likianza kujaa, ulizeni kama kipimo kinaweza kupungua, au kama parasetamoli ikipewa kwa saa zake, si mpaka mgonjwa alalamike, inaweza kubeba sehemu ya mzigo.

Kundi la pili ndilo linalonikera, maana linaingia kwa mlango wa huruma. Mgonjwa analalamika tumbo linakaza, mtu wa zamu anamchoma haiosini, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Buscopan. Kazi ya dawa hiyo ni kulegeza utumbo usikaze. Utumbo uliogoma kusukuma ukiulegeza zaidi, umeusaidia kugoma. Tumbo lililojaa hewa baada ya upasuaji si mahali pa haiosini mpaka daktari ajue kinachoendelea.

Ndugu zake haiosini ni pamoja na dawa nyingi za akili: klopromazini, amitriptilini, klozapini, na benzheksoli inayotolewa kuzuia mikakamao. Mgonjwa wa afya ya akili anayetumia mbili au tatu kati ya hizo, halafu akakaa siku nyingi bila choo, asipuuzwe kwa kuwa hajui kujieleza. Nifedipini na klonidini za presha zimo. Vinkristini, inayotumika kwa saratani za watoto kama ile ya taya ya Burkitt, inajulikana kwa kufunga choo, na mama wa mtoto aelezwe mapema.

Kuhusu chumvi za damu: potasiamu kwanza, kisha magneziamu na kalisi. Magneziamu ina pande mbili. Ikiwa chini, potasiamu haitapanda hata uimwage kwa ndoo. Ikiwa juu mno, kama inavyoweza kutokea kwa mama aliyewekewa magneziamu salfeti kwa kifafa cha mimba na figo zake hazitoi mkojo vizuri, misuli yote hulegea, ya utumbo ikiwemo. Kwa hiyo kwa mama wa aina hiyo, chati ya mkojo na magoti yanavyorusha mguu vinakwambia na habari za tumbo.

Mzazi aliyepasuliwa

Upasuaji wa kujifungua ni mojawapo ya upasuaji unaotajwa sana kwenye ugonjwa huu, na mgonjwa wake huwa kijana, mwenye nguvu, na kila mtu anatarajia ataondoka baada ya siku chache. Tumbo lake likijaa, maelezo yako tayari: gesi ya opereshini. Mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Lakini gesi ya kawaida huenda ikipungua. Ikiwa siku ya pili au ya tatu tumbo linazidi, anatapika, hana raha akilala, na hasa akionyesha maumivu upande wa kulia chini, mbali na mshono, usimpe jibu la kumtuliza. Mwite daktari.

Wanawake wa pwani nawasihi jambo moja kwa heshima zote. Mama mkwe au bibi akija na mkaja wa kumfunga mzazi tumbo, na uji wa pilipili manga kwenye chupa, ni upendo na ni mila yetu, nami nimefungwa mkaja. Lakini tumbo linalozidi kujaa baada ya upasuaji lisifungwe, na uji usubiri. Nimewahi kumfungua mzazi mkaja, kitambaa kimeacha alama nyekundu kiunoni, na juu ya alama tumbo limepanda. Mama mkwe wake alikuwa anaukaza kila jioni akidhani tumbo linakataa kurudi. Nilimwambia, "Mama, shikamoo, umefanya kama ulivyofunzwa. Sasa tumsaidie kwa njia nyingine, tumwinue atembee." Akamshika mkono, wakaenda mpaka mwisho wa korido na kurudi. Kutembea ni tiba hapa, wala si maneno ya kumfariji.

Wengine huleta mafuta ya nyonyo, msubili au dawa ya kufungua tumbo toka duka la dawa. Usimpe mgonjwa aliyelazwa kitu cha namna hiyo kwa siri. Hata laktulozi, ambayo ni dawa ya hospitali, haifai hapa: vijidudu vya utumboni huichachusha na kuongeza gesi kwenye utumbo ambao tayari hauna pa kuipeleka.

Kwa nini saa zinahesabika

Mahali pa hatari ni mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana, kulia chini, pale kidole tumbo kinapoota. Ndio mpana kuliko sehemu nyingine, na kwa kanuni ya Laplace, ukuta wa kitu kipana hubeba mvutano mkubwa zaidi kwa msukumo ule ule wa hewa. Kwenye picha, upana wake wa kawaida hauzidi sentimita 9. Ukifika 12 madaktari huacha kusubiri. Siku nazo zina uzito: tumbo lililojaa kwa zaidi ya siku 6 liko kwenye hatari hata kama upana haujafika huko. Utumbo ukikosa damu au ukitoboka, vifo huwa vingi, kwenye ripoti za zamani hufika karibu wagonjwa 4 katika 10.

Dalili za kukimbia nazo: homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuwa gumu, maumivu yaliyozidi ghafla upande wa kulia chini. Mgonjwa akiwa hivyo, habari za kusubiri zimekwisha.

Asiye na dalili hizo, na ambaye picha yake iko chini ya kiwango hicho, kwa kawaida hupewa saa 48 hadi 72 za matibabu ya kawaida huku akichunguzwa mara nyingi na picha ikirudiwa kila siku. Hapo kazi ni ya wauguzi zaidi kuliko ya mtu mwingine: asile wala kunywa, dripu iende, mpira wa puani uvute, mpira wa nyuma ukae, chumvi zirudishwe, dawa zilizotiliwa shaka zisimamishwe kwa amri ya daktari. Ageuzwe ubavu kwa ubavu. Anayeweza kulala kifudifudi na nyonga zikiinuliwa kwa mto, alale hivyo kwa muda. Hewa hupata njia. Anayeweza kusimama, asimame.

Isipokubali, kuna neostigmini. Watu wa usingizi wanaijua, wanaitumia chumba cha upasuaji kuondoa dawa ya kulegeza misuli. Mwaka 1999 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 21: waliochomwa neostigmini walikuwa 11, na 10 kati yao tumbo lilifunguka upesi, na kati ya 10 waliochomwa maji ya chumvi, hakufunguka hata mmoja. Hupewa miligramu 2 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 3 hadi 5, na daktari awepo. Inaweza kushusha mapigo ya moyo vibaya, kwa hiyo monita ya moyo iwe imeunganishwa kwa mgonjwa na atropini, dawa ya kuyarudisha juu mapigo hayo, iwe imeshavutwa kwenye sirinji, si iko kabatini. Haipewi kama kuna kilichoziba kweli au utumbo umetoboka, ndiyo maana nilianza na picha. Mwenye pumu inayombana, au moyo unaopiga taratibu, daktari atafikiri mara mbili. Na bedipani iwe kitandani kabla sindano haijaanza. Hufanya kazi kwa dakika, na mgonjwa asidhalilike kwa sababu sisi hatukujiandaa.

Ikishindikana, hewa hutolewa kwa kamera ya kupitia nyuma, na mwisho kabisa ni upasuaji.

Ndugu wa mgonjwa, mje na nini

Leteni mfuko wa dawa za nyumbani, wote, pamoja na zile za miti na za kwenye karatasi zisizo na jina. Tuambieni choo cha mwisho kilikuwa lini na cha namna gani. Tuambieni kama nguo imebana, kama kanga haizunguki tena. Msione haya kumwita nesi mara ya pili kwa jambo lile lile.

Na wewe muuguzi, mgonjwa akipona, kabla hajaruhusiwa, andika kwenye kadi yake kwa herufi zinazosomeka dawa zilizosimamishwa na sababu yake. Amitriptilini ile ya kliniki atairudia siku atakayofika nyumbani, kwa sababu chupa bado iko juu ya kabati, na hakuna aliyemwambia.